Kidole cha Ukurasa wa 212

Boliti ilikatika saa sita na robo mchana, na mlio wake ulikuwa mdogo mno kwa hasara iliyoleta. Tak, basi. Mzee Nati akabaki ameinamia injini, spana mkononi, hasogei.

Mama Chiriku ndiyo kwanza alikuwa anaingia gereji na bakuli la chakula cha baba mkwe wake. Aliusikia mlio ule, na hakuhitaji kuelezwa. Mwanamke aliyeolewa na fundi, akawa mkamwana wa fundi, anaijua boliti inayokatikia ndani kama anavyojua kikohozi cha mtoto wake. Aliweka bakuli juu ya benchi, akatafuta pa kuyaweka macho, akakosa.

Kwa bahati mbaya mwenye gari alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha plastiki na gazeti lake. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa shati lililopigwa pasi hata siku ya mapumziko. Gari lake lilikuwa Kobe la rangi ya maziwa. Kobe ndiyo jina ambalo watu wote waliyapa magari ya aina ile, kwa sababu ya mgongo wake wa mviringo na mwendo wake wa kutafakari. Kiwanda kiliacha kuyatengeneza zamani, lakini waliokuwa nayo hawakuacha kuyapenda. Walijuana, walitembeleana, waliazimana vipuri kama watu wanavyoazimana sufuria. Na fundi wao alikuwa mmoja tu, Mzee Nati.

"Kulikoni, fundi?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Boliti ya silinda hedi. Imekatikia ndani."

"Umeikaza kwa kipimo gani?"

"Cha kitabu. Themanini na nane."

Kitabu chenyewe kilikuwa wazi juu ya benchi, mahali pake pa miaka yote. Kilikuwa kitabu kinene kilichoandikwa na wapenzi wa Kobe wa nchi za mbali, kurasa mia nne na kumi na nane, jalada limeshika rangi ya injini. Mwalimu mkuu alivaa miwani, akaweka kidole chini ya namba kama alivyokuwa akifanya juu ya madaftari ya watoto wa watu.

"Hapa pameandikwa thelathini na tatu," alisema polepole. "Tatu mbili, fundi. Si nane mbili."

Mzee Nati aliweka spana chini. Mkono wake ulikuwa umemwambia mapema kwamba inatosha, akaubishia mkono, akayaamini macho. Zamani kipimo kile angekitaja hata aamshwe usingizini. Lakini tangu azike mwanawe, miaka minne sasa, alikuwa haiamini tena kumbukumbu yake. Kila jambo alilirudia kitabuni, na kitabuni nako macho yalikuwa yameanza kumsaliti.

"Silaumu mtu," mwalimu mkuu alisema akikunja gazeti. "Ila Jumamosi nitakuja na gari la kuvuta. Kuna kijana mtaa wa nyuma, ana kompyuta. Kila kitu anakiona humo, kwa herufi kubwa."

"Amewahi kulifungua Kobe, kijana huyo?"

"Atajifunza, fundi. Sote tulijifunza."

Aliyasema kwa adabu zote, na adabu ile ndiyo iliyouma. Alipoondoka, Mzee Nati alisogeza bakuli, akala matonge matatu ili mkamwana wake asihuzunike, akasema chakula ni kitamu.

*

Daktari wa macho alikuwa ameshasema lake: kilichoondoka hakirudi, kilichobaki kitunzwe kwa dawa ya matone. Bibi Chiriku, mke wa Mzee Nati, alizitunza dawa hizo kwa ukali wa askari, na jioni ile alikuwa akimtia matone huku akimsema.

"Nilikwambia tangu mwaka juzi. Mtu anayemimina chai kwenye sahani akidhani ni kikombe, ataziona namba za sisimizi?"

"Ilikuwa siku moja tu hiyo."

"Siku moja uliyokamatwa. Usipepese."

Mama Chiriku alikuwa sakafuni, anamsuka binti yake. Mtoto alikuwa na miaka saba na mdomo usiopumzika, ndiyo maana akaitwa Chiriku, na mama yake akapoteza jina lake kwa ajili hiyo. Jioni ile mama huyo alikuwa anafikiri. Dukani kwao, duka la vifaa vya ofisi na kutoa nakala ambako alikuwa ameajiriwa, kulikuwa na tableti iliyotumika, mwenyewe kaiacha rehani na hakurudi. Bosi wake alikuwa tayari kumkata kidogo kidogo kwenye mshahara. Na wachapishaji wa kile kitabu cha Kobe, kwa kuwa karatasi imepanda bei na wasomaji ni wachache, walikuwa wameacha kabisa kukichapa. Sasa waliuza toleo la kidijitali tu.

Kesho yake jioni alirudi na tableti, ndani yake toleo jipya, limelipiwa kwa kiasi ambacho hakumtajia mtu. Mzee Nati alifuta mikono mara mbili kabla ya kuipokea.

"Hii sinia ndiyo kitabu?" Bibi Chiriku aliuliza.

"Nyamaza, mama, nasoma." Akaisogeza, akaiachanisha na uso, na mara uso wenyewe ukafunguka. "Lo! Herufi kama za mabango. Nifungulie pa vali, Mama Chiriku."

Akamfungulia. Akasoma kwa muda, kisha kidole chake kikaanza kutembea ukingoni mwa kioo, kinatafuta.

"Hapa wanasema uwazi wa vali uwe nane. Mimi mwaka wa ishirini huu naweka kumi, maana mafuta ya siku hizi yanaunguza vali. Niliandika pembeni kwa penseli. Pembeni kuko wapi?"

"Hili ni toleo jipya, baba. Halina maandishi yako."

"Aa." Akaipapasa tableti kama mtu anayempapasa mtoto wa jirani. "Ni kizuri. Kizuri sana, mwanangu, usione vibaya. Ila hiki hakijawahi kufanya kazi."

Akamrudishia kwa mikono miwili. Mama Chiriku alielewa, maana alijua kilichokuwa kwenye kile kingine. Penseli ya miaka arobaini ilikuwa humo, ikisahihisha wataalamu wa mbali. Na vilikuwemo vidole. Desturi ya gereji ile ilikuwa hivi: mwanafunzi akifanya kazi yoyote kwa mara ya kwanza peke yake, bila kuongozwa, na gari likawaka, hakupewa cheti. Alichovya kidole gumba kwenye oili chafu, akakigandamiza pembeni mwa ukurasa wa kazi hiyo. Vidole vilikuwa kumi na kimoja. Wengine wamekuwa mafundi wakubwa mijini, wengine wameacha ufundi. Kidole cha ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, ukurasa wa klachi, kilikuwa cha Baba Chiriku, marehemu mume wake, alipokuwa na miaka kumi na sita.

Picha zake zilikuwepo nyumbani, tena nyingi. Lakini kwenye picha zote amesimama wima, amefunga vifungo, anamtazama mpiga picha. Kidole kile ndicho kitu pekee alichokiacha akiwa kazini, akiwa na haraka na furaha. Mzee Nati hakukizungumzia. Ila kila asubuhi, kabla ya kufungua gari la mtu, alifungua kitabu mahali pale kwanza, kisha ndipo akaenda kwenye ukurasa wa kazi.

Mama Chiriku yeye hakuwahi kuufungua ukurasa ule tangu msiba. Alikuwa akifuta vumbi juu ya jalada, basi.

"Baba," alisema, "niazime hicho cha karatasi siku moja. Nikipige picha chote, chenyewe, kama kilivyo, nikiingize humu. Utakisoma kwa herufi kubwa."

Mzee Nati aliinuka kwenda kukichukua. Kisha akakileta, amekizungushia aproni safi.

"Usikiweke chini," alisema.

*

Mashine mpya ya dukani ilikuwa na kasi ya ajabu, lakini ilikuwa na sharti lake: ilimeza karatasi moja moja tu, zilizoachana. Kitabu kizima ingebidi kukilaza juu ya kioo ukurasa kwa ukurasa, siku mbili nzima, na foleni ya wateja haikumngoja mtu. Mama Chiriku alisimama mbele ya kikatio cha karatasi, kitabu mikononi, akapiga moyo konde. Si angekifunga upya kwa springi? Alishafunga mamia. Kingefunguka vizuri hata kuliko mwanzo, kingelala wazi juu ya benchi bila kuwekewa spana. Akashusha kisu. Mgongo wa kitabu ukadondoka kama ganda.

Mashine ilimuuliza kabla ya kuanza: picha zibaki kama zilivyo, au zisafishwe? Ukutani, juu ya kichwa chake, bosi alikuwa amebandika karatasi: NAKALA CHAFU HAILIPWI. Miaka mitatu Mama Chiriku alikuwa akirudishiwa nakala kwa sababu ya doa la chai, kivuli cha kidole, mstari wa penseli. Miaka mitatu mkono wake ulikuwa ukibonyeza "safisha" kabla hata hajamaliza kusoma. Mwanafunzi aliyekuwa mbele yake alikuwa anauliza bei ya bahasha. Alimjibu bei ya bahasha, na mkono ukabonyeza.

Kurasa zikaanza kukimbia. Alipokaribia za mia mbili aligeuza uso, akajitia kupanga kalamu kwenye kopo mpaka zikapita. Hakuwa na nguvu ya kukiona kidole kile ghafla hivyo, mbele za watu, akiwa na chenji mkononi.

Springi za unene ule zilikuwa zimekwisha, zingeletwa kesho. Akazipanga karatasi kwa utaratibu, akazitia kwenye katoni, katoni akaisukumia chini ya kaunta. Ilikuwa Alhamisi. Alhamisi ni siku ambayo bosi wake, saa ya kufunga, huwauzia wenye maduka ya jirani katoni za karatasi zilizoharibika, wakafungie bidhaa. Mama Chiriku alilijua hilo kama alivyojua njia ya nyumbani. Lakini alikuwa na haraka ya kupeleka zawadi, akawahi kutoka.

*

Alimkuta Mzee Nati gereji, mbele ya Kobe la mwalimu mkuu, jua bado halijashuka. Bibi Chiriku naye alikuwepo, amemfuata na dawa ya matone, na Chiriku amekaa ndani ya gari anaendesha kwa mdomo.

"Fungua penyewe," mzee alisema. "Nione aibu yangu."

Akamfungulia ukurasa wa silinda hedi, akaukuza. Mzee Nati akausoma bila kukunja uso, bila kuuliza mtu, kwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima.

"Thelathini na tatu." Akacheka. "Thelathini na tatu! Mama, njoo usikie. Tatu mbili, zimesimama kama mapacha!"

"Nimesikia, jirani wote wamesikia," Bibi Chiriku alisema, lakini sauti yake ilikuwa laini.

"Haya, vali."

Akafungua vali. Mzee akasoma, kidole kikaelekea ukingoni. Pembeni palikuwa peupe.

"Na penseli yangu?"

Mama Chiriku alitazama. Alitazama tena.

"Nifungulie mia mbili na kumi na mbili," mzee alisema, safari hii bila kucheka.

Ukurasa ulitokea. Mchoro wa klachi ulikuwa safi, maandishi meusi, na pembeni peupe kuliko palivyokuwa siku ukurasa ulipotoka kiwandani. Mzee Nati aliisogeza tableti karibu na pua. Akainamisha kichwa, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza upande huu na upande huu, kama vile mtu anavyofanya na karatasi.

"Mama Chiriku," alisema, "niambie kweli tu, sitakasirika. Kipo ila mimi sikioni, au hakipo?"

Angeweza kudanganya. Kwa nukta moja aliliona hilo jambo, limekaa mbele yake, jepesi kabisa: kumwambia kipo.

"Hakipo, baba. Mashine imekisafisha. Ni mimi nimebonyeza, kwa mazoea ya kazini. Lakini kwenye karatasi kipo, karatasi zote zipo dukani, kesho nakuletea."

"Karatasi?" mzee aliuliza. "Si kitabu?"

Akamweleza basi na habari ya kisu. Alipomaliza, Chiriku alikuwa bado anapiga honi kwa mdomo. Mzee Nati alishika ukingo wa benchi, pale mahali pa kitabu.

"Umekula leo, wewe?" hatimaye aliuliza. "Umekonda. Mama, huyu hali huyu."

Afadhali angemtukana.

*

Asubuhi chini ya kaunta palikuwa patupu.

Bosi wake hakuwa mtu mbaya. Alijishika kichwa kwa mikono miwili, akamwambia aende sasa hivi, duka atalishika mwenyewe. Nje, Mama Chiriku alimkuta Bibi Chiriku amesimama na mkoba wake wa sokoni. Hakuwa amemwambia mtu hofu yake, lakini mama mkwe hakuwa amelala pia.

"Nilijua tu," Bibi Chiriku alisema. "Kitu kikianza kuharibika nyumbani kwetu hakiishii njiani. Twende."

Muuza misumari alikuwa na katoni ileile, imebaki zaidi ya nusu. Alizisifu karatasi: nene, hazichaniki kwa ncha za misumari. Alipoelezwa aliacha kusifu, akazitoa zote, hakutaka hata senti.

"Za katikati zimetoka asubuhi na mapema," alisema. "Yule seremala wa kona, misumari kilo kumi, nilimfungia vifurushi vingi."

Kwa seremala walipiga magoti kwenye maranda, wanawake wawili wenye heshima zao, wakaokota na kukunjua. Mia mbili na tano. Mia mbili na tisa, nusu. Mia mbili na kumi na tano. Kila walipopata moja Bibi Chiriku aliilaza mapajani, akainyoosha kwa kiganja. Hakuwa amesoma kitabu kile hata mstari mmoja maishani. Siku zote alikiita mke mwenza.

"Kuna moja ilikuwa na oili oili pembeni?" Mama Chiriku aliuliza. "Kama alama ya kidole?"

Seremala alikuna kidevu kwa penseli. Alikuwa mtu mchangamfu, alitaka kusaidia.

"Ee, ilikuwepo. Hiyo niliwashia jiko la gundi. Si unajua kitu chenye mafuta, kilishika mara moja, kikawaka vizuri sana."

Bibi Chiriku alikaa juu ya ubao. Alikaa taratibu, kama anayekaa kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani.

"Kumbe mwanangu amewaka vizuri," alisema, si kwa mtu.

Seremala hakuelewa, lakini aliona kuna jambo, akaenda kuleta maji. Mama Chiriku alibaki palepale kwenye maranda. Alikuwa anasubiri aambiwe. Miaka minne alikuwa amekaa katika nyumba ya wazazi wa marehemu mumewe, na hakuna siku aliyoambiwa neno la kumfanya ajione mgeni. Leo alijua anastahili kuambiwa neno hilo.

Bibi Chiriku alikunywa maji, akarudisha bilauri, akamshika mkono.

"Futa uso. Usilie njiani, watu watadhani nimekupiga. Tukifika nyumbani utalia, na mimi nitalia, tutapokezana."

*

Saa kumi na moja jioni ya Ijumaa ile Mama Chiriku alikuwa dukani peke yake, amerudi kufidia saa alizopewa na bosi asubuhi. Kurasa mia tatu na kumi na sita zilikuwa kwenye mfuko, zinasubiri springi. Gereji ilikuwa imefungwa mchana kutwa. Mzee Nati alikuwa amekaa barazani, hana redio, hana gazeti, amelaza mikono yake juu ya fimbo ambayo haikuwa na kazi.

Mashine ililia kengele yake ya kila Ijumaa, maandishi yakatokea kwenye kioo chake kidogo. Kila Ijumaa, miaka mitatu, maandishi yaleyale, na kila Ijumaa alibonyeza "Ndiyo" ili aweze kuzima na kwenda zake. Mkono ukanyooka.

Ukasimama hewani.

Kwa mara ya kwanza aliyasoma. *Nafasi inakaribia kujaa. Je, nifute picha za awali za wiki hii, zile zisizosafishwa?*

Alivuta mkono haraka, kama ulikuwa umegusa jiko. Kisha akabonyeza "Hapana".

*

Jumamosi asubuhi hakungoja mtu anywe chai. Aliwapeleka wote gereji, akafungua mlango wa bati, akaiweka tableti juu ya benchi, mahali pa kitabu. Chiriku alipandishwa juu ya tairi ili aone.

"Baba, tazama. Sijaufungua bado. Nimekungoja."

Hiyo ilikuwa kweli. Alipozihamisha picha zile kutoka kwenye mashine, kurasa zingine alizikagua, penseli aliiona, madoa aliyaona na kuyashukuru moja moja. Ule mmoja hakuugusa. Sasa aliugusa, na macho yake hayakukimbia.

Kidole kilikuwepo, pembeni kulia, cha rangi ya chai kavu, kimelala kidogo upande kwa sababu mwenyewe alikuwa na haraka. Mzee Nati alivuta pumzi ikasikika.

"Naona doa," alisema. "Naona kuwa kipo."

"Babu, mbona kidogo hivyo? Kikuze!" Chiriku akaingiza vidole vyake viwili bila kuomba ruhusa, akavitanua juu ya kioo. Kidole kikakua. Akatanua tena. Kikajaa kioo chote, kikubwa kuliko uso wa mtoto mwenyewe, na mistari yake ikatokea, mmoja baada ya mwingine, inazunguka na kurudi, myembamba na kamili, kama vile alikuwa amekiinua sasa hivi. Kwenye karatasi, miaka yote, hakuna macho yaliyowahi kuiona.

"Huyu ni baba?" Chiriku aliuliza.

"Ndiye," Mama Chiriku alisema. "Ndiye baba yako."

Bibi Chiriku alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani. Mara akawasukuma wote wawili, akaweka ukucha juu ya kioo, pale ambapo mstari mmoja mweupe ulikata mistari mingine yote kwa mshazari.

"Kopo la maziwa!" alisema. "Alikuwa na miaka mitano. Nilimkataza, akalifungua kwa kisu, damu ikajaa kanga yangu. Nilidhani kovu lile lilipotea. Baba, unaliona? Unaliona lilivyokaa?"

"Naliona," Mzee Nati alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyajali, yakichanganyika na dawa ya matone. "Naliona lote. Naona mpaka mwisho wake."

Walikuwa bado wamekusanyika hivyo, mwalimu mkuu alipoingia na dereva wa gari la kuvuta. Alikohoa kwa adabu. Mzee Nati alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akabaki na mstari mweusi shavuni.

"Mwalimu, huyo mwenzako mwambie anywe chai. Nipe mpaka saa sita."

Mwalimu mkuu alitazama benchi, akatazama nyuso zao, akarudi kwenye kiti chake cha plastiki. Mzee alitoboa boliti iliyokatika kwa keekee ndogo, robo nywele kwa robo nywele, akaitoa kwa vidole vilivyojua njia. Akatia mpya. Alipofika pa kukaza aliinama juu ya tableti na kusoma kwa sauti, ili kila mtu asikie, thelathini na tatu, na pembeni yake akasoma mwandiko wake mwenyewe wa penseli, *kaza mara mbili, ngoja ipoe*. Akakaza, akangoja, akakaza tena. Saa sita kasorobo Kobe likakohoa, likakohoa tena, kisha likaanza kuimba wimbo wake wa zamani.

"Fundi," mwalimu mkuu alisema akivua miwani, "sisemi kitu."

"Usiseme, mwalimu. Nenda salama."

Gari lilipotoka, Mzee Nati alirudi kwenye benchi. Alisimama mbele ya tableti.

"Kazi ya kwanza kwa kitabu hiki," alisema. "Peke yangu, na gari limewaka."

Akachovya kidole gumba kwenye kopo la oili chafu. Chiriku akaguna. Mzee akakipeleka taratibu pembeni mwa kioo, upande wa kulia, akakigandamiza, akakiinua. Kikabaki pale, cheusi, kinang'aa.

Mama Chiriku alikuwa ameshachomoa kitambaa mfukoni na mkono umeshafika njiani. Akakitazama kile kidole. Kisha akakikunja kitambaa, mara moja, mara mbili, akakirudisha mfukoni.